Ndege Moja, Nyumba Mbili



Leo hatuleti singo wala mapishi. Tunaleta habari ya ndege. Ndege ya kweli, ya bati la alumini, ya viti viwili, ambayo kiwiliwili chake kiko kwenye banda la uani huko Mbeya, na bawa lake moja limeegemea ukuta wa sebule Iringa. Mkitaka kucheka chekeni, sisi wenyewe tulicheka mwaka mzima.

Sisi ni mtu na mdogo wake, wazaliwa wa Unguja. Dada mtu aliolewa Mbeya. Mdogo mtu akaolewa Iringa miaka mitatu baadaye, na waume zetu walikuwa marafiki tangu chuo cha ufundi kabla hawajawa wanyumba. Wa Mbeya anachonga vyuma, na amejifunza urubani polepole, ada kwa ada, mpaka akapata leseni. Wa Iringa ananyoosha bodi za magari. Kati ya nyumba zetu kuna barabara ya kilomita kama 330, unapita Mafinga na Makambako, malori ya Zambia mbele na nyuma. Makala haya tunayaandika pamoja kwa simu, mmoja akitunga, mwingine akifuta. Kwa hiyo mtatusamehe tukisema "sisi" hata pale jambo lilipokuwa la mmoja wetu.

Chanzo chake ni Tunduma. Mji ule ulikuwa mkoa wa Mbeya mpaka mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016. Huko ndiko alikotokea Adam Kinyekile, fundi aliyejulikana nchi nzima kwa kujitengenezea helikopta. Siku waume zetu walipoiona picha yake kwenye simu, chai ilipoa mezani. Wakaanza kutafuta wengine. Wakamkuta Gabriel Nderitu wa Kenya, mtu wa kompyuta aliyekuwa akiunda ndege nyumbani kwake. Wakamkuta Chris Nsamba wa Kampala, aliyeunda ndege ya viti viwili yeye na wenzake uani kwa mama yake. Hilo la "uani kwa mama yake" ndilo lililotushtua sisi wake, maana tulijua kinachofuata. Uani kwetu.

Lakini wao hawakutaka kubuni ndege ya kichwani mwao. Waliamua kununua ile inayouzwa vipande vipande, mtu akaiunganisha mwenyewe nyumbani. Vipande vinakuja vimekatwa kiwandani, matundu mengi yameshatobolewa, na michoro yake inajaza meza nzima. Huko Marekani watu wanafanya hivi tangu zamani, na chama chao kikubwa cha waunda ndege wa nyumbani kilianzishwa mwaka 1953. Sheria ya kule inataka zaidi ya nusu ya kazi aifanye mwenye ndege, kwa kujifunza au kwa kujifurahisha, si kwa biashara. Kazi yenyewe huchukua saa elfu moja, mara nyingi elfu mbili. Gawanyeni kwa saa za baada ya Isha na siku za mapumziko, mtajua ni miaka mingapi ya ndoa.

Waliuza kiwanja cha pamoja kilichokuwa Uyole. Hatukupinga, kiwanja kilikuwa chao. Kasha la kwanza likaja.

Lilikuwa la mkia. Sisi tulidhani mtu huanza na kiwiliwili au mabawa, kumbe wengi huanza na mkia. Ni kipande kidogo, gharama yake inabebeka, na ukiharibu unajifunza kabla hujafika kwenye vikubwa. Dada mtu akakumbuka kisa cha Abbas ibn Firnas wa Cordoba, yule Mwislamu wa Andalusia wa karne ya 9. Al-Maqqari, mwanahistoria aliyeandika karne ya 17, anaeleza kwamba alijifunga manyoya na mabawa akajirusha, akapaa kwa muda, lakini alipotua akaumia mgongo kwa sababu hakujiwekea mkia. Tangu siku hiyo mkia ule ukaitwa "amana ya Ibn Firnas". Uliunganishwa Mbeya, ukaisha, ukatundikwa darini juu ya magunia ya mchele wa Kyela.

Kisha yakaja makasha ya mabawa, na hayo yakapelekwa Iringa, kwa sababu fundi wa bati ni wa Iringa. Hapo ndipo na sisi tulipoingia kazini.

Ribiti, dada zetu, haipigwi na mtu mmoja. Mmoja anakaa nje na nyundo ya upepo. Mwingine anakaa upande wa ndani, ameshika kipande cha chuma kizito kilichong'arishwa, anakibana kwenye mkia wa ribiti. Wa nje akipiga, mkia ule unajikunja kwenye kile chuma na kuwa kichwa cha pili, na bati mbili zinakamatana. Kichwa hicho kina vipimo vyake. Upana wake uwe mara moja na nusu ya unene wa ribiti, kimo chake kiwe nusu ya unene huo. Kikipungua au kikilala upande, ribiti inatobolewa na kutolewa, mnaanza upya. Na bawa ni jembamba. Mkono wa fundi wa magari hauingii kule ndani. Mkono wa mwanamke unaingia. Kwa hiyo mdogo mtu, aliyeolewa na hina mpaka viwikoni, alijikuta amelala chini sebuleni saa tatu usiku, mkono ndani ya bawa, akisema "tayari" na kusikia "naja", mara mia kwa usiku mmoja.

Alipenda. Tuseme kweli, aliipenda kazi ile. Wanandoa wapya wengi hawana la kuzungumza baada ya miezi sita. Wao walikuwa na ribiti.

Dada mtu naye aliingia kwa njia ya jikoni. Msichana wa kisiwani akihamia Mbeya, jambo la kwanza linalomtesa ni baridi, la pili ni maharage. Unayachemsha, unayachemsha, hayaivi. Mumewe ndiye aliyemfahamisha kwa nini. Mji wa Mbeya uko mita kama 1,700 juu ya bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100. Unadhani sufuria ina moto wote, kumbe haujafika. Hewa hiyo hiyo nyepesi ndiyo inayoipunguzia injini nguvu, kama asilimia 3 kwa kila mita 300 unazopanda. Injini ya nguvu za farasi 100 iliyoko pwani, ukiiweka kwenye kiwanja cha Songwe, ambacho kiko mita kama 1,350, inakuwa ya farasi 87 hivi. Mabawa nayo yanapata hewa chache ya kushikilia. Ndege itataka njia ndefu zaidi ndipo inyanyuke. Na ikishanyanyuka kuna upepo wa milima unaopiga kutoka chini na kutoka juu. Kinachouhimili upepo ule ni kitu kimoja ndani ya kila bawa, mhimili mrefu unaotoka kiwiliwilini mpaka nchani. Sisi tuliupa jina la nyumbani: boriti.

Sasa tuje kwenye boriti.

Usiku mmoja wa mwezi wa Julai, kule Iringa, mume wa mdogo mtu alikuwa anatoboa matundu ya mwisho ya kipande kinachofungwa kwenye boriti, karibu na pale bawa linapoungana na kiwiliwili. Matundu hayo hayakuja tayari, yalitakiwa kutobolewa kwa mkono. Amechoka, baridi, drili ikateleza. Kanuni yao ni kwamba katikati ya tundu na ukingo wa bati pawe na angalau unene wa ribiti mara mbili. Kwa ribiti ile ni milimita 6 na kidogo. Tundu lake lilikuwa na milimita 4. Akalitazama. Akasema, "Lipo ndani, na ziko nyingine nyingi." Akachukua ribiti, mkewe akashika chuma, wakaipiga. Kichwa kikatoka kizuri sana. Kwa macho hungeona kitu.

Lakini mdogo mtu alikuwa ameshalishika tundu lile kwa kidole kabla ya ribiti kuingia. Alijua.

Dada zetu, hapa ndipo tulipotaka kufika, na tuliogopa kupaandika. Mtu atakayerusha ndege ile ni mume wa dada. Aliyetoboa ni mume wa mdogo. Na aliyejua ni mdogo.

Sote wawili tulifunzwa na somo mmoja, bibi wa Unguja, kabla ya harusi zetu. Kati ya mengi aliyotufunza, lililokazwa zaidi ni hili: mambo ya nyumba yako usiyatoe mlango wa nje, hata kwa dada yako wa tumbo moja. Qur'ani yenyewe, katika Suratul Baqara, imewafananisha mume na mke na nguo, huyu vazi la yule na yule vazi la huyu. Nguo inasitiri. Mdogo mtu alishika hapo. Akajiambia, hili ni kosa la mume wangu, nami ni vazi lake. Akakaa kimya siku tisa.

Na katika siku tisa hizo tulizungumza kwenye simu kila siku. Tulizungumza achari ya maembe, tulizungumza bei ya maparachichi, tulizungumza mtoto wa dada aliyeota jino. Usiku hakulala. Alipofumba macho alikiona kidole chake kwenye ukingo wa lile tundu.

Siku ya tisa akampigia somo Unguja. Hakutaja ndege, alisema tu kuna aibu ya mume ambayo ikifichwa inaweza kumdhuru mtu. Bibi yule hakufikiri hata kidogo. "Mwanangu, mimi nilikufunzeni kusitiri aibu. Sikukufunzeni kusitiri hatari. Aibu ikitoka mtu huona haya, hatari ikijificha mtu hufa. Na mficha uchi hazai. Nenda kwa mumeo kwanza, si kwa dada yako."

Akaenda kwa mumewe. Alimngoja amalize kula, akasema polepole, bila kumtazama usoni: "Ile ribiti ya boriti. Nataka umwambie shemeji mwenyewe. Mimi nitakaa karibu yako ukimpigia. Nakungoja mpaka Ijumaa. Ijumaa ikipita nitasema mimi." Mume akakasirika. Akasema yeye ndiye fundi. Akatoka nje, akakaa barazani kwenye baridi muda mrefu. Haikuwa usiku mzuri, na uliofuata haukuwa mzuri pia. Siku ya Alhamisi, baada ya Maghrib, akachukua simu.

Mume wa Mbeya alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu: "Tundu namba ngapi?" Akafungua mchoro mezani, na usiku ule ule wakaanza kuhesabu itakuwaje kuitoa.

Kwa wanaume ikaisha hapo. Kwetu sisi ndiyo kwanza ilianza.

Dada mtu alipohesabu siku akagundua kuwa zile simu zote za achari, mwenzake alikuwa anajua. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Siku tisa, mdogo wangu," akakata. Tukakaa wiki tatu hatuzungumzi, sisi ambao tangu utotoni hatukupitisha siku. Dada alikuwa na haki, mumewe ndiye angekaa kwenye kile kiti, na mtoto wake mdogo asingeelewa habari za milimita. Mdogo naye alikuwa na haki, alikuwa na ndoa ya mwaka mmoja mikononi, na alifanya alivyofunzwa mpaka alipojua kuwa hakuelewa vizuri. Hatukupata mshindi mpaka leo. Mwisho wake dada alipanda basi asubuhi, akateremka Ipogolo na pishi la mbaazi kavu mkononi, akapandisha mjini. Tulizipika mbaazi zile kutwa nzima, maana Iringa nako zinachelewa kuiva, na zilipoiva tulikuwa tumeshalia na kumaliza.

Sehemu ile ya boriti ilibidi ibadilishwe. Ribiti zikatobolewa moja moja, mkono ule ule mwembamba ukishika taa ndani. Kipande kipya kiliagizwa ng'ambo, na gharama yake pamoja na usafiri ilikuwa kubwa kuliko mfuko. Hapa mdogo mtu akatoa bangili zake mbili za mahari.

Maharusi, tusikilizeni vizuri hapa. Mahari ni mali ya mwanamke. Suratun Nisaa imeliweka wazi, na mume anakula humo pale tu mke anapotoa kwa moyo wake mwenyewe. Mume alikataa mara mbili. Mara ya tatu mke akasema hatoi zawadi, anakopesha. Basi wakaandika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandika deni, na hawakuona aibu kuitumia ndani ya ndoa. Karatasi ina tarehe, uzito wa dhahabu, na mashahidi. Dada mtu hakutoa dhahabu yake, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Yake aliiweka kwa ajili ya skuli ya mtoto. Yote mawili ni sawa. Ambalo si sawa ni kutoa huku moyo unakataa, kisha kuihesabia bangili ile kila mnapogombana.

Bawa lilipofungwa upya tukamwita mkaguzi. Ni fundi wa ndege mstaafu, mzee wa watu, alikuja na tochi na kioo kidogo chenye mpini kama cha daktari wa meno. Kabla hajagusa bawa aliomba daftari. Waunda ndege wa nyumbani huandika kila kazi: tarehe, saa, picha, nani alifanya. La Iringa anaandika mdogo mtu kwa sababu mwandiko wake unasomeka. Mzee akafungua, akafika ukurasa wa Julai, akasoma kwa sauti: tundu limekwenda kando, milimita 4, ribiti ilipigwa, tulijua, hatukusema kwa siku kumi na moja. Mume akainamisha kichwa. Mzee akavua miwani, akasema, "Daftari lisilo na kosa hata moja huwa naliogopa." Ndipo akawasha tochi. Alikaa ndani ya bawa lile saa tatu, akatia alama kwenye ribiti saba nyingine, zikatolewa.

Huko ndiko tulipo. Injini bado. Tunaitaka ile ya silinda nne inayotengenezwa Austria, na bei yake inashinda nyumba ndogo ya mjini, kwa hiyo tunangoja. Hata ikija, ndege hairuki kwa sababu sisi tumemaliza. Ni lazima isajiliwe na ithibitishwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ipewe herufi zake zinazoanza na 5H, na neno la mwisho ni lao. Kisha kuna saa za majaribio, rubani peke yake. Kule Marekani kwa kawaida ni saa 25 mpaka 40 bila abiria. Waume zetu wamekubaliana na 40. Dada mtu ameongeza sharti lake: saa hizo zikianza, mdogo mtu awe naye Mbeya, wakae mkeka mmoja.

Watu hutuuliza kama hatuogopi. Tunaogopa. Suratul Mulk inatutaka tuwatazame ndege walio juu yetu wanavyokunjua na kukunja mbawa, na kwamba hakuna anayewashika ila Rahmani. Tunaamini hivyo. Na tunaamini pia kwamba hatukupewa ruhusa ya kuacha milimita mbili zipotee halafu tuseme tumetawakali.

Iddi iliyopita wageni waliokuja Iringa waliliona lile bawa limefunikwa kanga kuukuu mbili, wakadhani ni mlango mpya wa nyumba. Mtoto wa dada, ambaye sasa ana meno yote ya mbele, aliwasahihisha. Mwakani, akipenda Allah, litafungwa magodoro, lipande lori kwenda Mbeya likutane na mkia wake. Mmoja wetu atakaa mbele na dereva, mwingine atalipokea.

Tuombeeni dua, nasi tunawaombea. Na wewe bi harusi mpya, kama mumeo ana chake uani, iwe mashua, mashine ya kukoboa au ndege, usikae mlangoni ukinuna. Ingiza mkono. Utakachokigusa huko ndani, kijue vizuri, na ujue cha kukifanya.

Wabillahi tawfiq.